Mita saba na nusu

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni.)



Katika nchi yetu iko herufi moja inayoweza kumnyima mtu usingizi mwaka mzima. Herufi hiyo ni X. Ikichorwa ukutani kwa rangi nyekundu, mwenye nyumba anaelewa kwamba yeye ndiye aliyeifuata barabara, hivyo abomoe aondoke. Ikichorwa kwa rangi ya kijani, maana yake ni kwamba barabara ndiyo iliyomfuata yeye, na akitakiwa kupisha anastahili fidia.

Rangi hizo mbili zina chanzo chake. Zamani hifadhi ya barabara ilikuwa mita 22.5 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipoanza kutumika, hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ikapanuliwa hadi mita 30 kila upande. Basi kati ya mpaka wa zamani na mpaka mpya ukabaki ukanda wa mita saba na nusu. Aliyekuwa amejenga ndani ya ukanda huo kabla ya mabadiliko ana haki yake. Aliyejenga karibu zaidi na barabara hana.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kijijini kwetu, wilayani Bariadi. Nilimkuta shangazi yangu amekaa nje anachambua pamba, safi huku na fifi kule, na nyuma yake ukutani imechorwa X nyekundu. Alinieleza kuwa walikuja vijana wawili wenye kidude kidogo mfano wa simu. Walisimama barabarani, wakaja wakasimama mlangoni, wakapiga hesabu, wakasema mita 20. Rangi ikapakwa. Kisha akaniuliza: "Baba, wewe umesoma. Hicho kidude kinajuaje nyumba yangu ilipo?"

Nilikuwa nimehudhuria mikutano mingi ya waandishi wa habari, lakini swali zuri kama hilo sikumbuki kulisikia. Ilinibidi nirudi mjini nikawaulize wapima ardhi ndipo niweze kumjibu.

Kidude kile kinasikiliza setilaiti. Mfumo wa kwanza uliozoeleka ni GPS wa Marekani, uliokamilika kufanya kazi mwaka 1995, na siku hizi ipo pia mifumo ya Urusi, Ulaya na China. Setilaiti za GPS huizunguka dunia zikiwa juu kiasi cha kilomita 20,200. Kila moja ina saa ya atomiki, na kila mara inatangaza kwa redio mahali ilipo na saa ilizo nazo. Kipokezi kilichoko mkononi mwako hupima ujumbe umechukua muda gani kufika, na hivyo hujua umbali. Ukijua umbali wako kutoka setilaiti tatu, unajua ulipo. Ya nne inahitajika kusahihisha saa ya kipokezi chenyewe, maana mawimbi ya redio hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde. Ukikosea muda kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umekosea mita 300.

Sasa sikilizeni vizuri. Mawimbi hayo hupita angani yakacheleweshwa, mengine hugonga bati au mti kabla ya kufika. Kwa sababu hiyo kipokezi cha mkononi, au simu yako, hukosea mita tatu, tano, hata kumi. Ukitafuta hoteli mjini Mwanza, hiyo si hasara. Lakini ukanda ninaozungumzia una mita saba na nusu tu! Chombo kinachoweza kukosea mita tano hakiwezi kuamua haki ya mtu ndani ya mita saba na nusu.

Utauliza, kwa nini wasipime kwa kamba? Hakika kamba ingekuwa afadhali. Lakini kamba haijui katikati ya barabara ni wapi. Kwetu udongo ni ule mweusi wa mbuga. Masika ukilowa, magari yanakwepa tope, yanapita pembeni, na baada ya miaka barabara ya changarawe imehama bila kuaga. Katikati halali imo katika ramani ya mradi, na inarudishwa ardhini kwa kuanzia kwenye bikoni. Nazo bikoni zisipochimbiwa vizuri, udongo huo huo unaovimba na kupasuka huzisogeza.

Na ramani nazo zina mambo yake. Ramani zetu za zamani zilichorwa kwa kufuata mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960. GPS inafuata mfumo mwingine, WGS 84. Sehemu moja ikiandikwa kwa mifumo hiyo miwili, namba zinatofautiana kwa kiasi cha mita 300. Mpima akichanganya, hakosei nyumba, anakosea kitongoji.

Dawa ipo. Mpima husimamisha kipokezi cha kwanza juu ya bikoni inayojulikana barabara. Kwa kuwa chombo hicho kinajua mahali kilipo, kinatambua setilaiti zinampotosha kwa kiasi gani, na kinatuma sahihisho kwa kipokezi cha pili anachotembea nacho. Kosa linashuka kutoka mita hadi sentimita chache.

Tulimwandikia mhusika, barua ikapitia serikali ya kijiji. Baada ya miezi akaja mpima mwenye vyombo vya miguu mitatu. Matokeo hayakumfurahisha mtu yeyote kikamilifu. Jiko la shangazi lilikuwa ndani ya mita 22.5, na alilibomoa mwenyewe siku ya pili. Lakini nyumba ilikuwa nje ya mpaka huo kwa mita moja na ushee. Nyekundu ikafutwa, ikapakwa ya kijani.

Wasikilizaji, mimi si mpinzani wa barabara. Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012 unazihitaji mno. Lami ya Bariadi hadi Lamadi, kilomita 71.8, ilizinduliwa mwaka 2017, na anayekumbuka vumbi la zamani anajua thamani yake. Reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka imepangwa kupita Malampaka, wilayani Maswa. Upo pia mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria. Kazi zote hizo zinategemea vipimo. Hata mabomba: GPS hupima kimo kutoka umbo la dunia la kihesabu, si kutoka usawa wa bahari, na katika sehemu nyingi za nchi yetu tofauti inazidi mita kumi. Mhandisi asiposahihisha, maji hayatamsikiliza. Yatafuata mteremko yanaoujua yenyewe.

Kwa hiyo ninalosema ni hili. Anayekuja kukupimia muulize mambo matatu kwa heshima: chombo hiki kinakosea kiasi gani, umeanzia bikoni gani, na ramani yako inafuata mfumo upi. Mpima anayeijua kazi yake atakujibu bila kukasirika. Asiyeweza kujibu, mwombe aweke chini kopo la rangi kwanza.

Shangazi naye nilimjibu hatimaye. Nilimwambia: kidude kinajua nyumba yako ilipo, lakini kwa kukisia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi wangenipakia na rangi ya kukisia."