Msafiri Aliyetuona Mwaka 1331

Vijana wenzangu wa Kipini.

Tukikaa barazani baada ya Isha, swali huwa ni lile lile: "Hivi huko nchi za Kiislamu, watu wanaishi vipi?" Mmoja ana ndugu Saudia, mwingine ana shangazi Oman, mwingine ameona kwenye simu. Basi tunasikiliza kama tunaosimuliwa habari za peponi. Leo naigeuza hadithi. Nawaletea msafiri aliyekuja kutuangalia sisi.

Ni Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier, Moroko. Alitoka kwao mwaka 1325 kwenda kuhiji, akiwa na miaka 21, rika lenu hilo. Mwaka 1331 akashuka kwa chombo kutoka Mogadishu hadi Mombasa, kisha Kilwa. Njia yenyewe ni bahari hii hii, hapa Mto Tana unapomwagika.

Mogadishu aliona vijana wakilifuata jahazi kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Anamkabidhi mfanyabiashara na kusema: huyu ni mgeni wangu.

Mombasa alilala usiku mmoja tu. Sasa sikiliza alichokishika. Misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Mlangoni kisima kifupi, na kata ya mbao yenye mpini ya kutekea maji. Watu wanatembea miguu mitupu; ukitaka kuingia unaosha miguu, unaifuta kwenye kipande cha mkeka mzito, ndio unaingia. Chakula chao ndizi na samaki. Akashuhudia kuwa ni watu wa dini na wema.

Usiku mmoja, jamani! Kisima, kata na mkeka vilitosha kumwambia hawa ni watu gani.

Kilwa, siku ya Ijumaa, maskini alimwomba Sultani Hasan nguo alizovaa. Sultani akaenda akazivua, akampa. Hiyo tunapenda kuisimulia. Lakini habari hiyo hiyo inasema yule maskini alipewa na watumwa, na pembe za ndovu juu yake. Binadamu alitolewa zawadi kama bidhaa, na watu wakamsifu mtoaji. Sisi tunaodai haki hatuwezi kuruka mstari huo kwa sababu unatuuma. Ukweli wetu tuuseme wote.

Kwa hiyo nawaomba mambo mawili.

La kwanza, usijione mgeni kwenu. Ukiwa kwenye foleni ya kitambulisho, ukaulizwa mara tatu asili yako ni wapi, jibu kwa adabu, lakini usiinamishe kichwa. Uislamu wa pwani hii ulishaandikwa karne nyingi kabla ya kuwepo Kenya. Nenda Ungwana, si mbali na hapa, utazame magofu ya misikiti ya wazee.

La pili ni zito zaidi. Mgeni akishuka Kipini kesho kwa bodaboda, alale usiku mmoja tu, ataondoka na ushahidi gani? Mlangoni kwa msikiti atakuta maji, au mfereji mkavu? Kuna kijana atakayesema huyu ni mgeni wangu, au sote tutakuwa tumeinamia simu?

Tusingoje kusimuliwa ya Oman. Tuanze na maji ya pale mlangoni, kesho baada ya Alfajiri.

Wabillahi tawfiq.