Ngoma, Vina na Mwendo wa Sayari

Msikilizaji, wapo wanaohofu kwamba wimbo humfanya mtoto akariri majina ya sayari bila kuelewa. Ni kweli, somo likiishia kwenye majina. Lakini ngoma hufundisha kitu ambacho picha ya kitabuni haiwezi: mwendo. Utaridi hulizunguka Jua kwa siku 88, Dunia kwa siku 365. Basi mtoto aliye Utaridi amzunguke mpiga ngoma, aliye Jua, mara nne, karibu karibu na mbio mbio, huku mwenzake aliye Dunia akizunguka mara moja tu, kwa mbali. Atahema, na ataelewa. Na Pluto ilipoondolewa kwenye orodha ya sayari mwaka 2006? Vina vya wimbo hutungwa upya. Walimu, waachieni watoto wavitunge wenyewe.