Almasi Ukingoni mwa Chuma: Namna ya Kuchagua Diski ya Kukatia



Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Kwa zana ninayokusudia kuizungumzia leo, methali hiyo haitufai. Ajengaye nyumba, au amwitaye fundi kukata vigae na zege, hana budi kuchagua. Kwani diski mbili zilizofanana sura na rangi zaweza kutofautiana kabisa kwa umri na kwa usalama.

Kwanza tufahamu kwamba bamba la chuma la diski ya almasi halikati kitu. Kazi yake ni kubeba. Kinachokata ni chembe ndogo ngumu zilizoshikizwa ukingoni mwake. Tusikiapo neno almasi twaikumbuka Mwadui, lakini almasi ya diski hizi kwa kawaida haikuchimbwa ardhini. Hutengenezwa viwandani kwa kuitia kaboni katika joto na shinikizo kubwa mno, ufundi ambao kampuni ya General Electric ya Marekani iliutangaza mwaka 1955.

Kwa hiyo usiishie kumwuliza mwuzaji kama diski ina almasi. Mwulize almasi hiyo imeshikizwaje. Njia zinazotumika sana ni tatu.

Ya kwanza ni kuchovya. Chembe hufungwa kwa nikeli kwa nguvu ya umeme, mfano wa pambo linalochovywa dhahabu. Hukaa safu moja tu. Zana hiyo hukata kwa wepesi ingali mpya. Safu ikiisha, zana imekwisha, hata kama chuma chake kingali kizima.

Ya pili ni kulehemu. Chembe hushikwa na metali iliyoyeyushwa. Hapa nako safu ni moja, ila mshiko wake ni imara zaidi.

Ya tatu ni kushindilia. Unga wa metali huchanganywa na chembe, hushindiliwa katika kalibu, kisha hupashwa joto kali hadi ushikamane. Almasi imo katika kina chote cha ukingo: za juu zikichakaa, metali hulika na mpya hujitokeza. Mwenye kazi nyingi atanufaika zaidi na diski ya namna hii.

Metali hiyo nayo lazima iafikiane na kitu kinachokatwa. Tofali la mchanga huila metali upesi, kwa hiyo hutaka mshiko mgumu. Kigae cha porselini ni kigumu lakini hakiili metali, kwa hiyo hutaka mshiko laini ili almasi mpya zijitokeze. Ukikosea, diski ama itaisha mapema, ama itateleza bila kukata, na ukingo wake utapata moto. Basi soma katika pakiti imekusudiwa kukata nini.

Tena, usikatie nondo kwa diski ya almasi, isipokuwa mtengenezaji ameandika kuwa inafaa kwa chuma. Katika joto kali kaboni ya almasi humezwa na chuma, na ukingo huharibika. Kwa nondo, tumia diski za kawaida za kukatia chuma, zilizofungwa kwa gundi ngumu na wavu wa nyuzi za kioo. Nazo zina tarehe ya mwisho wa matumizi, ambayo aghalabu hupigwa chapa kwenye pete ya katikati. Iliyopitwa na tarehe, iliyolowa au yenye ufa isitumike.

Ndugu zangu, sasa nasema juu ya maisha yenu. Kila diski huandikwa mwendo wake wa juu. Diski nyingi za grainda ya mkono zina kikomo cha mita 80 kwa sekunde, yaani ukingo kwenda kasi ya kilomita 288 kwa saa. Kwa diski ya milimita 115 hiyo ni mizunguko kama 13,300 kwa dakika. Kwa ya milimita 230 ni kama 6,600 tu. Afungaye diski kubwa katika grainda ndogo, baada ya kuondoa kinga ili iingie, anaiendesha kupita kikomo chake. Ikipasuka, vipande havimchagui fundi wala mwenye nyumba.

Vumbi nalo ni hatari. Zege, mawe na vigae hutoa vumbi la silika ambalo huyadhuru mapafu pole pole, na dhara hilo haliponi. Kata kwa maji pale ambapo mashine imeundwa kwa kazi hiyo, vaeni barakoa ya vumbi na miwani, na watoto wakae mbali.

Mwendapo dukani, kataeni diski isiyoonyesha mtengenezaji, kipimo, mwendo wa juu na kitu inachofaa kukata. Daini risiti na kuihifadhi. Mkishuku bidhaa haikidhi viwango, toeni taarifa kwa Shirika la Viwango Tanzania. Mkishuku ni bandia, iarifuni Tume ya Ushindani. Itunzeni diski hiyo pamoja na pakiti yake, kwani ndiyo ushahidi.

Bei ya diski husahaulika baada ya wiki moja. Jicho lililopotea halirudi. Basi chagueni, ndugu zangu, na msione haya kuuliza.