Gasketi ya Manifoldi ya Eksozi Kwenye Injini Kongwe za Turbo: Kupima Kabla ya Kubadilisha



Mnazifahamu injini za Toyota 1KZ-TE, dizeli ya lita 3.0 iliyokuja ndani ya Prado na Hilux Surf za miaka ya 1990. Nyingi bado ziko barabarani. Mojawapo ikiletwa gereji ikitoa mlio wa tik-tik-tik asubuhi, kisha mlio ukanyamaza injini ikipata moto, jibu huwa tayari kabla boneti haijafunguliwa: gasketi ya manifoldi imeungua. Mara nyingi jibu hilo ni sahihi. Swali ambalo halipati nafasi ni hili: imeunguzwa na nini? Hoja yangu ni kwamba gasketi ya eksozi haiungui bila sababu, na fundi anayeweka mpya bila kuitafuta sababu hiyo atalipokea gari lilelile tena, safari hii mwenyewe akiwa amekasirika.

Tuanze na joto, kwa sababu ndiko jambo lenyewe linakozaliwa. Manifoldi ni chuma cha kusubu. Hedi ya 1KZ-TE ni aluminiamu. Dizeli ya turbo ikipanda mlima na mzigo, gesi zinazotoka huweza kufika nyuzi 700 za Selsiasi. Chuma cha kusubu hurefuka takriban milimita 0.011 kwa kila mita moja, kwa kila nyuzi moja ya joto. Chukueni manifoldi yenye urefu wa sentimita 40, joto lake likapanda kwa nyuzi 500: itakuwa imerefuka milimita 2.2. Aluminiamu kwa asili hurefuka mara mbili ya chuma, lakini hedi inapozwa na maji, haipandi zaidi ya nyuzi 70 hivi kutoka hali ya ubaridi. Itarefuka kama milimita 0.6 tu. Tofauti inayobaki ni zaidi ya milimita moja na nusu, na hujirudia kila injini inapowashwa na kupoa.

Maana yake ni kwamba manifoldi haikai tuli. Inateleza juu ya gasketi, na mwendo huo huwa mkubwa zaidi kwenye ncha zake mbili kuliko katikati. Ndiyo sababu matundu ya pembeni katika manifoldi nyingi hutobolewa makubwa kuliko stadi zinazopita humo. Kutu na masizi vikijaza nafasi hiyo, au fundi akikaza nati kwa nguvu zake zote, manifoldi inakosa pa kwenda. Itapinda, au itakata stadi. Stadi za mwisho hukatika kwanza, na ikishakatika moja, gesi hupata upenyo na kuanza kuila gasketi. Kwenye petroli za turbo, ambako gesi huweza kupita nyuzi 900, mambo huwa makali zaidi.

Mwenye gari haoni hayo. Anaona gari limekuwa zito. Gesi ambayo ingezungusha turbo imepotelea njiani, hivyo presha ya hewa inachelewa na moshi mweusi unaongezeka. Hapo ndipo watu hutozwa fedha za kupima pampu, hata za kununua turbo nyingine, ilhali turbo yao ni nzima. Tena gesi hiyo ina kaboni monoksidi, isiyo na harufu, na inavujia karibu kabisa na matundu ya hewa ya kabini. Abiria anayesinzia nyuma huenda hajachoka na safari tu.

Sasa kazi yenyewe. Nati zipulizwe mafuta ya kulainisha kutu tangu jana yake, na zifunguliwe kuanzia ncha kuja katikati. Nati ikigoma, ipashwe moto. Kuilazimisha kwa bomba refu juu ya spana ni kukata stadi ndani ya aluminiamu. Ikishakatika na kubaki kipande kinachojitokeza, njia ninayoiamini ni kuichomelea nati juu yake na kuifungua ingali ya moto. Kutoboa kwa drili kuwe hatua ya mwisho, na drili ianze katikati kabisa ya stadi. Mabomba ya oili ya turbo yakitolewa tu, matundu yake yazibwe papo hapo.

Kuhusu kukwangua, naomba niseme kwa uzito. Gasketi za magari ya zamani, na baadhi ya za bei poa zisizojulikana zilikotoka, huweza kuwa na asbesto, na vumbi lake husababisha saratani. Usiikwangue ikiwa kavu, wala usiipulize kwa kompresa. Ilowanishe, tumia kikwangulio cha mkono. Mashine ya kusagia yenye diski ya msasa isikaribie hedi: inachimba aluminiamu, na punje zake zikiingia kwenye matundu ya eksozi zitakwenda moja kwa moja kwenye mapanga ya turbo.

Nyuso zikishakuwa safi ndipo tunafika kwenye hatua inayorukwa. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa manifoldi, kwa urefu na kwa mshazari, kisha ingiza fila geji chini yake. Linganisha na kipimo cha kitabu cha injini hiyo. Ikizidi, manifoldi iende kuskimiwa, na itazamwe nyufa katikati ya milango yake. Kipimo hiki hakichukui hata robo saa. Wapo wanaopaka silikoni kuziba pengo. Silikoni ya kawaida haistahimili joto la manifoldi, na itakachobakiza ni uchafu wa kukwangua mara ya pili.

Gasketi ya chuma ya tabaka kadhaa ni bora kuliko ya karatasi ngumu, kwa kuwa inavumilia kule kuteleza. Weka stadi na nati mpya. Kaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa spana ya torki na kipimo cha kitabu. Kabla ya kuwasha, jaza oili kwenye tundu la turbo, kisha piga starta injini isiwake mpaka oili ifike. Kwa dizeli yenye valvu ya kukata mafuta kwenye pampu, chomoa waya wake kwanza. Turbo ikizunguka kavu, hata kwa sekunde chache, beringi zake huumia.

Wenye gereji mliopo hapa, nawaombeni jambo moja. Nunueni rula iliyonyooka, fila geji na spana ya torki, na mfanye sheria kwamba hakuna manifoldi inayorudishwa bila kupimwa. Kipimo kiandikwe kwenye karatasi ya kazi, mteja akione na akisaini. Kama hana fedha za kuskimu, aamue mwenyewe akijua kwamba gasketi mpya juu ya uso uliopinda haitadumu.