Tetekuwanga, Mkanda wa Jeshi na Wanaotuhudumia
Mada iliyotolewa na muuguzi mstaafu katika mkutano mkuu wa mwaka



Kamati imeniomba nieleze kwa nini kwenye bajeti ya mwaka huu, chini ya mabati ya zahanati na tenki la maji, kuna mstari unaosema "kinga ya watumishi". Pale nje baadhi yenu mmeshanibana: watumishi ni wa serikali, sisi inatuhusu nini? Swali hilo ni la haki na ndilo nililokuja kulijibu.

Tetekuwanga kila mtu hapa anaijua. Mtoto anachemka kidogo, anatoka malengelenge yanayowasha, anapakwa kalamaini, baada ya wiki anarudi kucheza. Mkanda wa jeshi nao mnaujua, ila mnausema kwa sauti ya chini. Ni upele wenye maumivu makali unaokaa upande mmoja wa mwili, kiunoni, kifuani au usoni hadi karibu na jicho. Wengi hudhani ni magonjwa mawili yasiyo na undugu. Kumbe ni kirusi kimoja. Tetekuwanga ikipona, kirusi hakiondoki. Kinajificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu na kulala humo miaka 20, 40, hata 60. Kinga ya mwili ikipungua, kwa uzee, kwa saratani, kwa VVU, au bila sababu tunayoweza kuionyesha, kinaamka na kufuata njia ya mshipa ule ule mpaka kwenye ngozi. Aliyelieleza vizuri jambo hili mwaka 1965 alikuwa Edgar Hope-Simpson, daktari wa kawaida wa mji mdogo wa Cirencester kule Uingereza, aliyefuatilia wagonjwa wake mwenyewe kwa miaka mingi. Mimi humpenda kwa hilo. Mambo makubwa hayatoki hospitali kubwa tu.

Sasa sikilizeni hapa. Mwenye mkanda wa jeshi hawezi kukuambukiza mkanda wa jeshi. Lakini maji ya malengelenge yake yakimgusa mtu ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga wala kuchanjwa, huyo atapata tetekuwanga. Na tetekuwanga yenyewe huenda kwa hewa pia, tangu siku moja au mbili kabla upele haujaonekana. Maana yake, muuguzi aliyeambukizwa anaweza kupima wajawazito kutwa nzima akiwa bado hana doa hata moja.

Kwa mtoto wa miaka 6 ni homa ya wiki. Kwa mtu mzima ni jambo jingine, na kwa mjamzito inaweza kushuka kwenye mapafu ikawa hatari kwa maisha. Hatari nyingine kubwa ni kwa mtoto mchanga: mama akitokwa na upele kuanzia siku 5 kabla ya kujifungua hadi siku 2 baada yake, mtoto anazaliwa na kirusi kabla mama hajamgawia kinga yoyote. Mtoto wa namna hiyo anaweza kufa.

Mtasema, lakini sisi wote tuliugua utotoni. Wengi, ndiyo. Ila katika nchi nyingi za ukanda wa joto watu huipata tetekuwanga wakiwa wakubwa kuliko watoto wa Ulaya, na wengine hufika utu uzima bila kuipata. Na watumishi wetu hawatoki hapa mlimani peke yake. Wanapangiwa kutoka Mtwara, Kigoma, Pemba. Huwezi kumtazama mtu usoni ukajua ana kinga.

Katika kituo kimoja nilichofanya kazi, ambacho sitakitaja, dada mmoja mpya alipokea mwanafunzi mwenye upele siku ya Jumatatu. Hakuna aliyemuuliza kama amewahi kuugua. Wiki mbili baadaye alilala na homa, asubuhi malengelenge yamejaa. Siku iliyotangulia alikuwa kliniki ya wajawazito tangu saa 2 hadi saa 8. Mama mmoja wa miezi 7 aliugua mpaka akahitaji oksijeni. Alipona, na mtoto yuko, lakini kwa wiki kadhaa mkunga mmoja alibaki peke yake usiku na mchana, na akina mama wengine wakapanda pikipiki na uchungu wao kutafuta huduma mbali.

Utaratibu unaofuatwa penye uwezo ni huu: mtumishi asiye na kinga akishakaribiana na mgonjwa, anaondolewa kazini kuanzia siku ya 8 hadi ya 21. Hospitali ya Mount Meru inaweza kumpumzisha mmoja na kazi ikaendelea. Zahanati yenye watumishi watatu ikimpumzisha mmoja, chumba cha kujifungulia kinafungwa usiku. Ndiyo maana nasema jambo hili linatuhusu sisi wenyewe.

Chanjo ipo. Ilitengenezwa Japani na Dk. Michiaki Takahashi miaka ya 1970, na Marekani imeitumia kwa watoto wote tangu 1995. Kwetu haimo katika ratiba ya taifa, kwa hiyo haiji kwenye friji la zahanati pamoja na ya surua au ya polio. Hununuliwa. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2014 kwamba nchi zifikirie kuwachanja wahudumu wa afya wasio na kinga, dozi mbili, hata pale ambapo watoto hawachanjwi.

Kuna mzee aliyeniuliza kwa nini basi tusichangie watoto wote wa kata. Mzee wangu, moyo wako ni mzuri, ila shirika hilo hilo lilionya: ukichanja watoto bila kufikia asilimia 80 na kubaki hapo, unapunguza ugonjwa kidogo na kuwasukuma waliobaki waugue wakiwa wakubwa, wakati ambao unauma zaidi. Harambee ya mwaka mmoja haiwezi kubeba mzigo huo. Inaweza kubeba watumishi wachache.

Hatutawachanja wote. Kila mtumishi ataulizwa kwanza. Anayekumbuka vizuri kwamba aliugua, basi. Asiyekumbuka apimwe damu. Atakayeonekana hana kinga apate dozi mbili, wiki 4 au zaidi kati yake. Chanjo hii ina kirusi hai kilichodhoofishwa, kwa hiyo mjamzito hapewi, wala mwenye kinga iliyoshuka sana. Matokeo ni siri ya mtumishi na mganga mfawidhi. Kamati haitayaona, na mimi sitayauliza.

Neno moja kwa wenye mkanda wa jeshi. Kabla dawa za VVU hazijaanza kutolewa bure mwaka 2004, upele ule kwa kijana ulikuwa mara nyingi dalili ya kwanza ya virusi, na watu wakajifunza kuuficha chini ya kitenge. Bado wanaficha. Babu wa miaka 75 anaupata kwa uzee wake, na bado anakaa kimya kwenye benchi la zahanati, bega kwa bega na mjamzito. Kupima VVU ni vizuri, pimeni. Lakini njooni mapema, ndani ya siku 3 tangu upele uanze, maana ndipo dawa inaposaidia zaidi, na mfunike kidonda kwa kitambaa safi. Zamani wengi walikuja na jivu au dawa ya meno juu ya kidonda. Msifanye hivyo.

Kwa hiyo mstari ule wa bajeti una vitu vitatu: vipimo vya damu, dozi za chanjo na usafiri wake kwenye baridi, na benchi la pili nje upande wa migomba, lenye paa, kwa yeyote mwenye upele. Benchi fundi wetu amejitolea kulitengeneza, tunatafuta mbao na mabati 4. Fomu za ahadi ziko kwa mweka hazina, meza ile karibu na chai.