Ghala la Nyumbani na Funguo Zake

(Maelezo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi juu ya kuhifadhi picha, sauti na nyaraka kwa mashine ya mwenyewe)



Hakuna mwanaushirika asiyejua maana ya ghala. Mkulima anayeweka mazao yake katika ghala la mtu mwingine huyapata kwa saa na kwa masharti ya mwenye ghala. Wakulima wenye ghala lao hushika funguo wao wenyewe, na hubeba wao wenyewe mzigo wa kulilinda dhidi ya panya, mvua na wezi. Somo hilo la zamani limerudi siku hizi kwa sura mpya, nalo limeingia hadi ndani ya nyumba za wanachama.

Zamani kumbukumbu za nyumba ziliwekwa katika sanduku: picha za harusi, hati ya shamba, vyeti vya watoto, barua, na kanda za kaseti zenye sauti za wazee. Leo sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo imo katika simu ya mkononi, na kutoka katika simu hupelekwa kwenye kompyuta kubwa za makampuni zilizoko nchi za mbali. Mwenye picha hajui ziko mji gani. Anachojua ni kwamba akigusa kioo huziona. Siku asipoziona, hana mlango wa kwenda kubisha.

Masharti ya mwenye ghala

Makampuni hayo yamewafaa watu wengi, na si haki kuyabeza. Lakini masharti huwekwa na mwenye ghala, naye huweza kuyabadili. Huduma ya Google Photos ilipoanza mwaka 2015 iliruhusu picha zisizo na kikomo ziwekwe bila malipo, mradi mwenyewe akubali zipunguzwe ukubwa kidogo. Tangu tarehe 1 Juni, 2021 picha mpya zinahesabiwa katika nafasi ya bure ya gigabaiti 15, na anayezidisha hulipa. Mwezi Desemba 2023 kampuni hiyo hiyo ilianza kufuta akaunti za watu binafsi zilizokaa miaka 2 bila kutumiwa. Maana yake ni kwamba picha za marehemu, ambaye hakuna aliyebaki na neno lake la siri, zaweza kumfuata kaburini.

Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kusomwa kwa kompyuta, na vitabu ambavyo watu walikuwa wamekwisha kuvinunua vikakoma kufunguka. Wanunuzi walirudishiwa fedha, lakini vitabu hawakuviona tena. Mwaka huo huo ilijulikana kwamba Myspace imepoteza nyimbo, picha na filamu zilizowekwa huko kabla ya mwaka 2016, wakati zilipokuwa zikihamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine. Wanamuziki ambao hawakuwa na nakala nyumbani walipoteza kazi zao moja kwa moja.

Afrika Mashariki nayo ilipata onyo lake. Tarehe 12 Mei, 2024 nyaya 2 za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikawa dhaifu au ikakosekana kabisa katika sehemu nyingi za Tanzania, Kenya na nchi jirani. Picha iliyopigwa Moshi na kuwekwa ng'ambo ikawa haifikiki kwa urahisi hata na mtu aliyekaa Moshi.

Seva ya nyumbani

Seva ni kompyuta ambayo kazi yake ni kuhudumia kompyuta na simu nyingine. Hakuna muujiza unaoizuia kukaa juu ya kabati la nyumbani. Huunganishwa na ruta, yaani kile kifaa kinachogawa intaneti ndani ya nyumba, na simu zote za nyumba hiyo huifikia kwa njia ya ruta hiyo. Waya wa baharini ukikatika, mama aliyeko sebuleni ataendelea kutazama picha za wajukuu, kwa maana picha hizo haziendi nje ya kuta zake.

Hesabu yake si ngumu. Picha ya simu huwa na megabaiti 3 hivi; kwa hiyo diski ya terabaiti 1 hubeba picha kama 300,000. Kwa upande wa umeme, mashine ndogo ya jamii ya Raspberry Pi, ambayo ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 2012, ikila wati 10 pamoja na diski yake usiku na mchana, itatumia uniti 7 hivi kwa mwezi. Kompyuta kuukuu ya mezani inayokula wati 60 itatumia uniti 43. Kwa hiyo mashine ya bure yaweza kumgharimu mwenyewe kuliko ile iliyonunuliwa. Hapana budi pia kuwe na betri ya akiba, kwani umeme unaokatika ghafla wakati diski inaandika huweza kuharibu kilichoandikwa.

Programu za kazi hii zipo, na nyingi hazilipiwi. Msingi wake kwa kawaida ni Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Juu yake huwekwa Nextcloud kwa ajili ya nyaraka na kalenda, Immich kwa ajili ya picha, na Jellyfin kwa ajili ya muziki na filamu. Habari ya Jellyfin inawahusu wanaushirika kwa namna ya pekee. Programu iliyoitangulia, Emby, ilikuwa imeandikwa kwa uwazi, kila mtu akiruhusiwa kuisoma na kuirekebisha. Wenye Emby walipoamua kuifunga, baadhi ya watu walichukua toleo la mwisho lililokuwa wazi, kama leseni yake ilivyowaruhusu, na mwezi Desemba 2018 wakaliendeleza kwa jina jipya. Hadi leo kazi hiyo inafanywa na watu wa kujitolea.

Mpangilio kabla ya mashine

Kosa la kwanza la wengi ni kununua mashine kabla ya kupanga vitu. Kahawa chafu haigeuki kuwa ya daraja la kwanza kwa kuhamishiwa ghala jipya. Kazi ya kupanga ina hatua 4.

Kwanza, kukusanya. Picha zitolewe katika simu kwa waya. Zikitumwa kama picha za kawaida kwa WhatsApp hupunguzwa ubora, na hupoteza maandishi ya ndani yanayotaja tarehe na mahali zilipopigwa. Kanda za kaseti zihamishwe mapema, kwa sababu utepe huchakaa, na redio kaseti nzima zinazidi kuadimika.

Pili, kutaja. Jina la kila faili lianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: kwa mfano, "2024-05-12 Mavuno, shamba la juu". Kompyuta itazipanga yenyewe kwa tarehe. Pale ambapo siku haijulikani, mwaka peke yake unatosha.

Tatu, kuandika majina ya watu. Mashine za leo zinaweza kutambua kwamba sura hii na ile ni za mtu mmoja, lakini haziwezi kujua kwamba mtu huyo ni bibi mzaa baba, wala kwamba alikuwa mwanamke wa kwanza wa kijiji kuuza kahawa kwa jina lake mwenyewe. Anayejua hayo ni mzee aliye hai. Kijana akae naye jioni moja, amwonyeshe picha moja moja, na aandike. Hiyo ndiyo kazi pekee katika orodha hii isiyoweza kuahirishwa.

Nne, kupunguza. Picha 11 za mbuzi yule yule si kumbukumbu. Ni takataka zinazoficha kumbukumbu.

Nakala 3

Kila diski ina siku yake ya kufa. Kwa hiyo kuwa na seva hakumaanishi kuwa na usalama. Kanuni inayofuatwa na wahifadhi wengi, ambayo mpiga picha wa Marekani Peter Krogh aliieneza, ni hii: ziwepo nakala 3, juu ya vyombo vya aina 2, na nakala 1 ikae mbali na nyumba.

Hata makampuni makubwa yamepata adhabu kwa kusahau sehemu ya mwisho. Tarehe 10 Machi, 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na wapo wateja ambao nakala zao za akiba zilikuwa pale pale, wakapoteza vyote. Kwa mwanachama wa kawaida dawa ni nyepesi: wanachama 2 wa vijiji tofauti wabadilishane diski, kila moja ikiwa imefungwa kwa neno la siri la mwenyewe. Ikumbukwe pia kwamba diski 2 zinazoigana ndani ya mashine moja si akiba. Faili ikifutwa kwa makosa katika moja, hufutwa katika zote mbili kwa wakati ule ule.

Nakala isiyojaribiwa ni sawa na mizani isiyokaguliwa. Angalau mara 1 kila miezi 3, faili chache zirudishwe kutoka katika akiba na kufunguliwa. Tarehe ya jaribio na matokeo yake viandikwe daftarini.

Mlango wa nje

Mwezi Juni 2021 watu wengi waliokuwa na sanduku la diski liitwalo My Book Live, la kampuni ya Western Digital, walikuta vitu vyao vyote vimefutwa. Masanduku hayo yalikuwa nyumbani kwao. Lakini yalikuwa wazi kwa intaneti, na programu yake haikuwa imerekebishwa na watengenezaji tangu mwaka 2015. Wavamizi walipita katika ufa uliokuwa humo.

Funzo lake ni kwamba ghala la nyumbani lisilofanyiwa matengenezo ni hatari kuliko ghala la kampuni. Asiye na saa 1 kila mwezi ya kusasisha programu, heri asianze. Na anayetaka kufikia vitu vyake akiwa safarini asifungue mlango kwa dunia nzima. Atumie njia ya siri kama WireGuard, inayowaingiza wenye ufunguo peke yao.

Ufunguo wa pili

Chama cha msingi hakimruhusu mtu mmoja kutia sahihi hundi peke yake. Kamati ikiliona jambo hilo ni la lazima kwa fedha, mwanachama hana sababu ya kuliona ni la anasa kwa kumbukumbu za ukoo. Chukulia mfano wa baba aliyejenga seva nzuri, akapanga picha za miaka 30, kisha akaugua ghafla. Mkewe haijui hata mashine ni ipi kati ya visanduku vilivyo kabatini. Watoto hawana neno la siri. Picha zote zipo, taa inawaka, wala hakuna awezaye kufungua. Familia inayomtegemea fundi mmoja imetoka katika mikono ya kampuni ya mbali na kuingia katika mikono ya kampuni ya mtu mmoja.

Basi, pawepo daftari la karatasi. Ndani yake iandikwe mashine iko wapi, nini kimo, nakala ziko kwa nani, na namna ya kuiwasha upya. Maneno ya siri yatiwe katika bahasha iliyofungwa, na mtu wa pili ajue bahasha iko wapi. Mtu huyo afungue kila kitu mwenyewe angalau mara 1 kwa mwaka, mwenye mashine akikaa kimya.

Mali ya chama na mali ya nyumba

Onyo moja linawahusu makatibu. Orodha ya wanachama, hesabu za malipo na namba za simu si vitu vya nyumbani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nchini Tanzania, na ile ya mwaka 2019 nchini Kenya, zinamtaka anayeshika habari za watu azilinde na awe na haki ya kuzishika. Katibu asiziweke katika seva ya sebuleni kwa sababu tu nafasi ipo. Kamati ndiyo iamue, na uamuzi uandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Ambapo mtu mmoja hawezi, wengi wanaweza. Huko Ufaransa jumuiya ya Framasoft ilianzisha mwaka 2016 muungano uitwao CHATONS, unaokusanya vikundi vidogo vinavyowahudumia watu wa karibu kwa seva zao. Mjini Hamburg, Ujerumani, Hostsharing ni chama cha ushirika kamili: wanaotumia seva ndio wanachama wenye hisa. Vyama vya msingi vyenye ofisi, umeme na mlinzi vina mwanzo mzuri kuliko nyumba nyingi, iwapo wanachama watapenda kulijadili jambo hili katika mkutano mkuu.

Lakini mwanzo si mashine. Kabla ya mkutano ujao kila katibu achague picha 20 za nyumbani kwake, aziandike tarehe na majina, atengeneze nakala 3, nakala 1 aipeleke kwa mwenzake, kisha azirudishe zote kutoka huko na kuzifungua. Atakayekamilisha hayo atakuwa amekwisha kujifunza kazi ya ghala, na anaweza kwenda kununua mashine. Asiyeweza kuzitunza picha 20, seva haitamsaidia kuzitunza 20,000.