Dumuzi na Kakakuona



Katika kila mahafali ninayohudhuria, msemaji huwausia vijana wabadilike kulingana na mazingira. Mimi wosia huo unanitia shaka, na shaka yenyewe imezaliwa hapa hapa mkoani Tabora.

Dumuzi mnamjua, wengine humwita Scania, kama lori. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, ambako porini hutoboa miti. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alibainika mkoani kwetu, keshaingia vihengeni. Kadudu ka milimita nne hivi! Kalikuta mahindi na makopa, kakayageuza vumbi. Katikati ya miaka hiyo kalikuwa kameshavuka hadi Kenya na Burundi, kakisafirishwa na magunia yetu wenyewe. Kubadilika gani kunakuzidi huko?

Kakakuona wa miombo hayawezi hayo. Hana meno, riziki yake ni sisimizi na mchwa. Jike huzaa mtoto mmoja tu, akambeba juu ya mkia. Akitishwa hujikunja, na magamba humshinda hata simba. Jangili yeye humwokota tu, kama embe lililodondoka. Mwaka 2016, mkutano wa CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, huko Johannesburg ulipiga marufuku biashara ya kimataifa ya aina zote nane za kakakuona, lakini magamba yanaendelea kukamatwa, nayo ni kitu kile kile cha kucha zetu.

Kwa kipimo cha kubadilika, dumuzi kafaulu, kakakuona kafeli. Ila mmoja anakula jasho la mama zenu, mwingine anakula mchwa. Nisingependa mwajiri awasifu kwa sifa za dumuzi.

Wahitimu mtakaokuwa maafisa ugani, sisitizeni mahindi yapukuchuliwe ndipo yatiwe dawa. Dumuzi hutoboa vizuri punje iliyobanwa kwenye gunzi, punje huru humsumbua. Na akitokea kakakuona, huenda mkakuta watu wamemwekea maji, nafaka na panga atabiri mwaka, kama ilivyo desturi sehemu nyingi za nchi. Msiwakejeli wazee. Waacheni wamalize, huku mmeshampigia simu afisa wanyamapori, kabla mnunuzi wa magamba mwenye mzani hajafika.